Goti Hujibu Kesho Asubuhi: Mwongozo wa Mazoezi ya Nguvu kwa Mwenye Magoti Mabovu

Watu wa Nakuru hujua hali ya magoti yao wakati wa kuteremka Menengai. Kupanda si shida. Jumamosi alfajiri makundi hupita Milimani yakipiga soga, kutoka mjini kwenye mita kama 1,850 hadi ukingo wa kreta kwenye mita 2,278, kila mtu anahema na hakuna anayelalamika. Kurudi ndiko soga hukatika. Utamwona mmoja anashuka ubavuubavu kama kaa, mwingine ameokota fimbo njiani, na mwingine anashuka kinyumenyume akisingizia anatazama mandhari. Huyo wa kinyumenyume nilikuwa mimi.

Nilikuwa na miaka 41, winga mstaafu wa timu ya mtaa, na kliniki moja ilikuwa imeniambia nilipumzishe goti na nisichuchumae tena maishani. Nilitii kwa miezi 5. Siku moja nikaazima futi ya fundi cherehani nikapima mapaja yote mawili, kiganja kimoja juu ya pia ya goti. La mguu mgonjwa lilikuwa limekonda kwa sentimita 3. Goti lenyewe liliuma vilevile, ila sasa halikuwa hata na msuli wa kulisaidia kubeba mzigo.

Siku hizi nina ua nyuma ya nyumba, Section 58, wenye vyuma vya simiti iliyomiminwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia ya Kasuku na paipu ya maji iliyobaki kwenye ujenzi. Wanaokuja si vijana wa kutafuta vifua. Ni akina mama wa sokoni, walimu, madereva wa matatu, na mzee mmoja aliyestaafu reli. Haya ndiyo ninayowafanyisha, kwa mpangilio uleule.

Nani asianze leo

Mazoezi yanafaa maumivu mengi ya goti, lakini si yote. Nenda hospitali kwanza ikiwa goti limevimba, lina moto na una homa. Ikiwa limegoma kukunjuka kana kwamba kuna kitu kimekwama ndani. Ikiwa umeanguka au umechezewa rafu na huwezi kupiga hatua 4 kwa mguu huo. Ikiwa linakuachia ghafla unapogeuka. Au ikiwa linakuamsha usiku hata ulale vipi. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hasa baada ya safari ndefu au kulazwa, usilihesabu kuwa jambo la goti. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Ukiwa upande wa Kisumu, Siaya, Busia au Kakamega, kuna swali jingine la kuuliza nyumbani: je, kwenu kuna selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Ugonjwa huo ni wa kawaida kanda hiyo, na maumivu ya mifupa na viungo yanaweza kuwa ni wenyewe unajitokeza. Hapo kocha ana zamu ya pili, baada ya daktari. Mtoto anayechechemea naye asipewe mazoezi kwa kubahatisha, kwa sababu nyonga ya mtoto ikiharibika, maumivu mara nyingi huonekana gotini. Na kama asubuhi viungo vyako vinakaza kwa zaidi ya saa nzima, vidole vya mikono vikiwemo, omba upimwe baridi yabisi. Goti lililochakaa tu kwa kawaida hulegea kabla ya nusu saa kuisha.

Hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo sisi wa umri huu bado tunaiita PGH, kwa jina lake la zamani la hospitali kuu ya mkoa, ina wataalamu wa tiba ya viungo. Kuonana nao hata mara moja tu kuna thamani kuliko miezi 6 ya kupaka dawa za kuchua.

Picha ya eksirei nayo isikuvunje moyo peke yake. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, haina neva za maumivu. Ndiyo maana wapo wenye picha mbaya wanaolima ekari nzima, na wapo wenye picha safi wasioweza kushuka ngazi. Vilevile goti linalolia kwa mkwaruzo unapochuchumaa, bila maumivu wala uvimbe, liache lilie.

Linauma wapi hasa?

Weka kidole kimoja pale panapouma. Ukishindwa kwa kidole ukaweka kiganja kizima, hilo pia ni jibu.

Wanaoweka kiganja mbele, juu ya pia ya goti, ndio wengi. Huumia kwenye ngazi, na huumia wakikaa kwa muda mrefu goti likiwa limekunjwa. Mtu wa namna hii akisafiri kwa matatu kutoka Nakuru hadi Kisumu kwenye kiti cha nyuma, atakuambia goti lilianza kudai kabla ya Kericho. Kwake, tatizo ni shinikizo kati ya pia na mfupa wa paja, nalo huongezeka kadiri goti linavyokunjwa chini ya mzigo. Aanze na mikunjo mifupi.

Kidole kimoja chini kidogo ya pia, mahali padogo kama sarafu: hiyo ni kano, ile kamba inayoshikilia pia kwenye mfupa wa muundi. Ni ugonjwa wa wachezaji wa voliboli na basketi, na wa yeyote anayerukaruka. Kano hupenda mzigo mzito unaokwenda polepole na huchukia kushtuliwa. Kwa kijana wa miaka 12 hivi mwenye nundu inayouma pale kano inapojishika kwenye muundi, mara nyingi ni ukuaji. Apunguze kuruka kwa muda, asiache kucheza kabisa.

Upande wa ndani, umri umepita 45, asubuhi linakaza kidogo na jioni linachoka: mara nyingi ni kuchakaa kwa gegedu. Upande wa nje, hasa kwa wakimbiaji wa miteremko, ni ule mshipi mpana wa paja unaosugua. Nyuma ya goti kukiwa na kivimbe laini, kwa kawaida ni majimaji yaliyosukumwa huko na tatizo lililo ndani ya kiungo.

Daftari la deni

Kama utasahau kila kitu humu, shika sehemu hii.

Pima maumivu kwa alama 0 hadi 10, kama mtihani, ila huu kufeli ndiko kuzuri. Ukifanya zoezi na maumivu yakawa 0 hadi 3, endelea. Yakifika 4 au 5, punguza uzito au mkunjo, umalizie. Yakipita 5, acha zoezi hilo kwa leo. Huo ni upande mmoja tu wa hesabu. Goti ni kama mwenye duka anayekuandikia deni: leo anakuchekea, kesho asubuhi anafungua daftari. Kwa hiyo hukumu ya mazoezi ya Jumatatu hutolewa Jumanne unapotoka kitandani.

Jiulize mambo matatu. Hatua ya kwanza kutoka kitandani ina alama ngapi kuliko jana? Vile vijishimo viwili vya pembeni mwa pia ya goti vinaonekana, au vimejaa? Ngazi au kizingiti cha kwanza kimekuwaje? Maumivu yaliyopanda jana yakiwa yamerudi yalipokuwa ndani ya saa 24, kipimo cha jana kilikuwa sawa. Yasiporudi, kipimo kilizidi. Uvimbe una uzito kuliko maumivu, kwa sababu goti lililojaa maji huzima msuli wa mbele ya paja. Unaweza kuukaza kwa nia yote na usikubali.

Kuna mama anayeuza mitumba Top Market ambaye wiki ya kwanza alikuwa akiniambia tu, “Kocha, goti limenuna.”

“Limenuna alama ngapi, Mama?”

“Limenuna tu.”

Ilituchukua siku 10 kufikia namba. Baada ya hapo aliniletea daftari la kuwekea mahesabu ya biashara, ukurasa mmoja magunia, ukurasa wa pili goti. Fanya kama yeye. Andika zoezi, uzito, marudio, alama ya maumivu wakati huo na alama ya kesho yake asubuhi.

Kwa sababu hiyohiyo, usimeze vidonge vya maumivu ili uweze kufanya mazoezi. Utakuwa umemfunga mdomo mwenye duka, na deni liko palepale. Zaidi ya hayo, diklofenaki na ndugu zake zinazouzwa kama peremende madukani hudhuru tumbo na figo zikitumiwa muda mrefu, na kwa mwenye shinikizo la damu hatari huzidi.

Kwa nini basi tulipe goti mzigo wakati linauma? Gegedu haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, ambao huingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiliwa, kama sponji kwenye maji. Goti lisilobanwa halili. Na misuli ya paja ndiyo springi za matatu hii: zikilegea, kila shimo la barabara hugonga bodi.

Kipimo cha siku ya kwanza

Chukua kiti cha mbao kisichoyumba, chenye urefu wa sentimita kama 43, ukiegemeze ukutani. Viti vya plastiki vya harusini hapana, hupanuka miguu. Kunja mikono kifuani, mtu akushikie saa, uinuke wima na kukaa kwa sekunde 30. Hesabu mara ulizosimama kamili. Kwa umri wa miaka 60 hadi 64, wanawake kwa kawaida hufikisha 12 hadi 17 na wanaume 14 hadi 19. Ukiwa na miaka 38 na umepata 9, sasa unajua kazi iliyo mbele.

Pima mapaja kwa futi. Kisha lala chali, weka taulo iliyokunjwa chini ya visigino, uangalie kama magoti yote mawili yananyooka sawasawa. Goti lisilonyooka kamili hukulazimisha kutembea umekunja kidogo, na paja halipumziki siku nzima. Kama ndivyo, kulala hivyo dakika 5 mara tatu kwa siku ndilo zoezi lako la kwanza kabla ya mengine yote. Andika namba, na usizirudie hadi wiki ya 6.

Wiki ya 1 na 2: kuamsha paja

Pasha mwili moto dakika 8 kwa kutembea uani na kuzungusha nyonga. Julai, Nakuru ikiwa na baridi yake, mimi huongeza hadi 12 na hakuna anayevua sweta. Fanya haya siku tatu kwa wiki, ila la kwanza ni la kila siku.

Kukaza paja. Keti sakafuni mguu ukiwa umenyooka, taulo iliyoviringishwa chini ya goti. Libonyeze goti chini kana kwamba unaiponda taulo, hesabu hadi 5, achia. Mara 10. Weka vidole juu ya paja upande wa ndani, usikie kama msuli unagutuka. Usipogutuka, kaza miguu yote miwili kwa pamoja. Mara nyingi mzima humwamsha mwenzake.

Kuinua mguu ulionyooka. Lala chali, kunja mguu mzima, yaani usiouma, mguu mgonjwa ukae umenyooka. Kaza paja kwanza, ndipo uinue kisigino sentimita 30, kaa sekunde 2, teremsha polepole. Seti 3 za mara 10. Goti likilegea katikati, seti imeisha hata kama ulikuwa umefika 6.

Daraja. Ukiwa chali, nyayo chini, inua makalio hadi mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja. Seti 3 za 12. Ukisikia misuli ya nyuma ya paja inakaza hadi kuuma, vuta visigino karibu na makalio. Watu hudharau zoezi hili kwa sababu haligusi goti, lakini makalio yakiwa dhaifu paja huingia ndani kila unapokanyaga, na goti hulipa.

Kukaa ukutani. Egemeza mgongo, sogeza nyayo mbele, teleza chini hadi pale maumivu yatakapokaribia 3, usifike usawa wa kiti. Kaa sekunde 30 hadi 45, pumzika dakika 2, rudia mara 5. Wenye kano inayouma hulipenda sana hili, maana kukaza bila kusogea huwapunguzia wengi maumivu kwa muda. Mzee wetu wa reli hulifanya akisikiliza taarifa ya habari redioni.

Malizia kwa kuinua visigino umesimama, ukishika ukuta, seti 3 za 15.

Wiki ya 3 hadi 6: kiti, ngazi na jerikeni

Lile zoezi la kipimo sasa linakuwa zoezi la kazi. Inuka kitini kwa kawaida, rudi chini kwa hesabu ya 3. Kushuka polepole ndiko kunakojenga paja, nako ndiko kulikokushinda Menengai. Seti 3 za mara 8 hadi 12, pumzika dakika 2. Likiuma sana, weka mto au tandiko juu ya kiti, likikubali, ondoa. Goti lielekee kilipo kidole cha pili cha mguu, lisiangukie ndani.

Utasikia watu wakionya kwamba goti lisipite ncha za vidole. Jaribu kushuka ngazi bila goti kupita vidole, uone kama utafika. Kupita kunaongeza mzigo mbele ya goti, basi. Kama goti lako linauma mbele, kwa sasa sukuma makalio nyuma na uinamishe kifua kidogo ili nyonga ibebe zaidi. Baadaye utaliruhusu kupita, kidogo kidogo.

Kupanda ngazi moja. Tumia kibaraza au jiwe la ujenzi lililolala imara, sentimita 10 hadi 15. Kanyaga kwa mguu mgonjwa, inuka, na usijirushe kwa ule wa chini. Kudanganya hapa ni rahisi: inua vidole vya mguu wa chini kabla ya kuanza, usalie na kisigino, hapo hauwezi kusukuma. Seti 3 za 8 kila mguu. Ndiyo, na mguu mzima pia.

Kuinama kwa nyonga. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote kwa mtu wa magoti, maana unaweza kubeba uzito wa maana huku goti likiwa limekunjika kidogo tu. Simama jerikeni ikiwa katikati ya miguu. Sukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango wa gari mikono ikiwa imejaa mizigo. Mgongo unyooke, muundi ubaki wima. Shika mpini, simama. Uzuri wa jerikeni ni kwamba hesabu yake haihitaji mizani: lita 1 ya maji ni kilo 1. Anza na lita 5, nenda 10, fika 20. Seti 3 za 10. Kama unausikia mgongoni badala ya makalio na nyuma ya mapaja, umeinama kwa kiuno, kama mtu anayepalilia. Punguza maji urudie.

Kutembea kando kwa tyubu. Fundi baiskeli atakukatia tyubu kuukuu kwa bei ya chai. Ifunge juu ya magoti, kunja magoti kidogo, piga hatua 12 kulia na 12 kushoto.

Uongeze lini? Chagua uzito ambao ukimaliza seti unahisi ungeweza kufanya mara 2 au 3 zaidi. Ukiweza kuongeza marudio 2 kwenye seti ya mwisho siku mbili za mazoezi mfululizo, na asubuhi zote mbili daftari ni safi, ongeza uzito kwa asilimia 5 hadi 10. Mwenye lita 10 aongeze nusu lita au lita 1. Nguvu ya wiki hizi za mwanzo hutokana zaidi na neva kujifunza kuita msuli, kwa hiyo usishangae futi ikionyesha paja lilelile huku kiti kimekuwa chepesi.

Wiki ya 7 hadi 12: kuwa na nguvu kwelikweli

Hapa wengi huniacha, kwa sababu maumivu yamepungua. Ni kosa. Maumivu hupungua kabla nguvu haijafika, na kano hasa huhitaji miezi 3 au zaidi.

Sasa kuchuchumaa kunapata uzito: pakiti ya unga ya kilo 2 imekumbatiwa kifuani, kisha mbili, kisha mkebe wa simiti. Seti 3 hadi 4 za mara 6 hadi 10. Kina kiongezeke kabla ya uzito. Kuinama kwa nyonga kunahamia kwenye mguu mmoja, mkono mmoja ukishika ukuta. Kupanda ngazi kunageuka kuwa kushuka: simama juu ya kibaraza kwa mguu mgonjwa, teremsha kisigino cha mguu mzima kwa hesabu ya 4 hadi kiguse chini kama kinagusa yai, rudi juu. Huu ndio mtihani wa Menengai ndani ya ua. Ukiufanya mara 10 safi kwenye ngazi ya sentimita 15 bila goti kuyumba, uko tayari kwa mlima.

Kwa wanaolipia jim yenye mashine, neno moja kwa wenye maumivu ya mbele ya goti. Kwenye mashine ya kusukuma kwa miguu, na kwenye kuchuchumaa, goti hupata shinikizo dogo likiwa karibu na kunyooka, kwa hiyo anza na mkunjo wa kati ya nyuzi 0 na 45. Kwenye ile ya kukaa na kunyoosha mguu mbele, mambo ni kinyume: fanya kuanzia nyuzi 90 hadi 45, usimalizie kunyoosha. Mwalimu wa jim akikuambia unafanya nusu zoezi, mwambie ndiyo.

Goti halijui kwamba mazoezi yameisha

Unaweza kufanya kila kitu hapo juu kwa ustadi, kisha ukaliharibia goti nyumbani kabla ya saa nne. Choo cha shimo ndicho kinachowashinda wengi: ni mchuchumao wa kina kamili, asubuhi, kabla ya mwili kupata moto. Fundi akuchomee kipande cha paipu ukutani cha kujishikia unapoinuka, au utafute kiti cha choo cha kuweka juu ya tundu hadi wiki ya 10. Kufua, weka karai juu ya stuli. Kupiga deki, tumia fimbo ndefu. Jiko la makaa liinuliwe juu ya mawe mawili. Kupalilia, kalia kigoda na ukihamishe, badala ya kutambaa kwa magoti. Wanaopiga magoti kanisani au kusujudu, kitambaa kilichokunjwa mara nne husaidia, na kuswali ukiwa kitini kwa muda hakuna aibu.

Kwenye ngazi kuna kanuni ya zamani ya wauguzi: mguu mzima utangulie kupanda, mgonjwa utangulie kushuka. Fimbo nayo hushikwa kwa mkono wa upande ulio mzima. Karibu kila mtu huikosea hiyo.

Kuhusu uzito wa mwili nitasema kwa ufupi, maana watu hawapendi kuusikia. Kila kilo 1 unayopunguza huliondolea goti mzigo wa kilo 4 hivi katika kila hatua. Kilo 5 tu zinatosha kuonekana kwenye daftari. Punguza ugali nusu, usipunguze omena, maharagwe, mayai wala maziwa, kwa sababu paja linalojengwa linahitaji matofali.

Baiskeli, kutembea, na ule mlima

Siku zisizo za vyuma, tembea kwenye tambarare au endesha baiskeli dakika 20 hadi 30. Watu wa Kisumu mmebarikiwa, mji wenu wa kando ya ziwa ni sahani. Baiskeli za Black Mamba, hata hivyo, huwa na siti ya chini mno kwa sababu mwenyewe anataka miguu ifike chini akisimama. Siti ya chini hukunja goti kupita kiasi. Keti, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu unyooke. Ukirudisha ncha ya wayo kwenye pedali, utabaki na mkunjo mdogo, ndio unaotakiwa. Kwa waogeleaji, wenye maumivu upande wa ndani waepuke teke la chura.

Menengai panda baada ya wiki ya 12, na mara ya kwanza ishia nusu ya njia. Kushuka, hatua ziwe fupi na za haraka, ukate njia kwa mshazari, na ubebe fimbo tangu nyumbani. Kisha usipange ngazi wala vyuma hadi asubuhi mbili zipite.

Likinuna tena

Litanuna. Mvua itanyesha, utabeba gunia, utacheza mpira wa harambee dhidi ya walimu. Usirudi kitandani kwa miezi 5 kama mimi. Kwa siku 3 au 4 fanya mazoezi yaleyale kwa nusu ya uzito na nusu ya mkunjo, ukiongeza kukaa ukutani. Barafu iliyofungwa kwa kitambaa dakika 15 hutuliza uvimbe, maji ya moto hulegeza goti lililokaza, tumia linalokupendeza. Vijishimo vya pembeni mwa pia vikirudi kuonekana, panda hadi robo tatu ya uzito, kisha kamili. Uvimbe ukipita wiki 2 na haujashuka, peleka daftari lako hospitali pamoja na goti.

Ukishamaliza wiki 12, siku 2 kwa wiki zinatosha kulinda ulichojenga: kuchuchumaa, kuinama kwa nyonga, kushuka ngazi, visigino. Dakika 35 na chai iko mezani. Yule mama wa Top Market alianza na mara 7 kitini. Sasa ana 16, na ukurasa wa goti ameugeuza kuwa wa wadeni wake wa kweli.